Makumbusho ya sanaa ya leo yaanzie kwenye varanda ya shule ya msingi

Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuna shule ya msingi ya umma yenye jina la Dkt. Martin Luther King Jr., na ndani ya shule hiyo, tangu mwaka 2014, kuna makumbusho ya sanaa ya kisasa. Makumbusho hayo hayana jengo lake wala lango lake. Kazi za sanaa hutundikwa kwenye kuta za ujia ambamo watoto hupita wakienda darasani, kwa hivyo mtoto wa miaka saba huziona kila siku ya masomo, awe na haraka au awe na nafasi, bila kungoja safari ya shule inayofanyika mara moja kwa mwaka. Waanzilishi wake, Lisa Jarrett na Harrell Fletcher, ni wasanii na pia wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Portland State. Waliuanzisha mradi huo katika sehemu ya mji yenye historia ndefu ya Wamarekani weusi, ambako familia nyingi zimelazimika kuhama baada ya gharama za nyumba kupanda. Wasanii wanaoishi kwa kazi yao hualikwa kuonyesha na kufundisha hapo, na wanafunzi hujifunza shughuli za ndani za makumbusho: kuchagua kazi, kuzipanga, kuzitundika, kuziandikia maelezo na kuwaongoza wageni.

Naamini Mombasa inahitaji makumbusho ya namna hiyo, na kwamba mahali panapoyafaa zaidi ni ndani ya shule ya msingi ya umma. Naamini pia kwamba mradi huo utakuwa na maana pale tu watoto watakapokabidhiwa kazi za makumbusho pamoja na madaraka yanayoandamana nazo. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya makala haya.

Mombasa ina makumbusho tayari, tena makubwa. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikawa gereza chini ya Waingereza, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Humo mna vyombo vya kale, mizinga, na vitu vilivyoopolewa kutoka kwenye meli ya Santo António de Tanna iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Humo pia mna ukuta ambao kwangu una thamani kuliko mizinga yote: ukuta uliochorwa meli na watu kwa makaa na udongo mwekundu, unaoaminika kuwa kazi ya askari wa Kireno waliokuwa kwenye zamu. Watu hao hawakuajiriwa kuchora. Walichora walichokiona na walichokikumbuka, na leo michoro yao inatunzwa kwa heshima inayostahili. Mtu aliye hai anayechora Mombasa leo hana ukuta wa umma unaotunzwa kwa heshima kama hiyo.

Jambo hilo linahitaji kusemwa kwa uwazi, kwa sababu mji huu haujapungukiwa na sanaa hata kidogo. Kanga zinazouzwa Biashara Street zimebeba maneno na nakshi za vizazi kadhaa, na duka lenye chapa ya Mali ya Abdulla limekuwepo tangu mwaka 1887. Wachongaji wa Kikamba wana chama chao cha ushirika Changamwe. Bombolulu kuna karakana za mafundi wenye ulemavu zilizoanza mwaka 1969. Kila mtaa una mchoraji wa mabango anayeweza kuandika jina la duka la dawa kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi hii hutazamwa kama bidhaa: huhesabiwa kwa bei, hufungwa kwenye gazeti, na nyingine huondoka na mtalii. Mtoto wa Changamwe anaweza kukua akisikia patasi na tezo kila asubuhi asipate hata siku moja mtu mzima aliyemwambia kwamba umbo lile ni wazo la mtu fulani, kwamba lingeweza kuchongwa vingine, na kwamba yeye ana haki ya kuuliza kwa nini halikuchongwa vingine.

Nairobi imepiga hatua katika hili. Kituo cha Paa ya Paa kilianzishwa mwaka 1965, Gallery Watatu ikafuata mwaka 1968, na katika miaka ya karibuni kumeongezeka taasisi zinazokusanya na kuonyesha sanaa ya leo. Msanii wa Pwani anayetaka kazi yake itazamwe kwa makini mara nyingi hupanda treni au basi kwenda huko. Sipendekezi Mombasa ishindane na Nairobi kwa kujenga jumba kubwa la vioo pale kwenye bustani ya ufuoni ya Mama Ngina. Jumba la namna hiyo lingekula fedha nyingi, lingewafaa kwanza wageni na watu wenye magari, na mtoto wa Likoni, ambaye feri haimtozi kitu lakini matatu humtoza, angeliona siku ambayo shule ingefanikiwa kukusanya nauli na kiingilio.

Shule za msingi za umma, kwa upande wake, zimeenea kila mahali: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mzazi huzijua, mwenye duka jirani huzijua, na mchoraji wa mabango pengine alisoma katika mojawapo.

Upo pia wakati unaofaa. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa miaka yake mingi ya mwisho haukutahini sanaa kabisa, na kila aliyepita katika mfumo huo anajua kilichotokea kwa vipindi ambavyo havikutahiniwa: viligeuzwa kuwa vya Hisabati. Muziki na maigizo viliokolewa na tamasha za kitaifa, lakini uchoraji na uchongaji havikuwa na mwokozi wa aina hiyo. Mtaala mpya wa umilisi umelirudisha somo la sanaa bunifu katika ratiba, na katika shule za sekondari ya juu umefungua njia tatu, mojawapo ikiwa ya sanaa na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Januari 2026. Tunamtaka mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano achague kama sanaa ndiyo njia yake. Ni vigumu kuona atachaguaje kwa akili timamu ikiwa katika miaka yote ya shule ya msingi hajawahi kusimama mbele ya kazi halisi ya msanii halisi, wala kumwona msanii huyo akikosea na kuanza upya.

Wapo watakaosema kwamba kuta za shule zetu tayari zimechorwa. Ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Shule nyingi zina ramani ya Kenya, mfumo wa meno, herufi, wanyama, na maneno ya kuhimiza bidii, na pembeni mara nyingi kuna nembo ya kampuni iliyotoa rangi. Michoro hiyo ina faida zake. Lakini huchorwa wakati wa likizo, watoto hurudi na kuikuta, haina jina la aliyeichora, hukaa hapo hadi rangi ichubuke, na hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa kama anaipenda. Makumbusho yakiingia shuleni kwa mtindo huo yatakuwa pambo jipya. Kutakuwa na siku ya uzinduzi, hema, hotuba, utepe na picha, kisha kimya.

Kinachotofautisha makumbusho na pambo ni maamuzi. Kila muhula, kwa mfano, wanafunzi wa Gredi ya 5 na ya 6 waunde kamati, wapewe orodha ya wasanii watatu au wanne walio tayari kuja, na wao ndio wachague. Wakishachagua, wapime ukuta, waamue kazi ipi ikae wapi na kwa urefu gani, wakizingatia kwamba mtazamaji mkuu ni mtoto wa Gredi ya 1 na macho yake hayafiki anapofika mwalimu. Waandike maelezo ya kila kazi kwa Kiswahili, wayasahihishe na mwalimu wao wa Kiswahili, na wayabandike. Waweke daftari la kupokea na kurudisha kazi, lenye tarehe, hali ya kila kazi na sahihi. Mgeni akija, awe mkaguzi wa elimu au mzazi aliyeleta karo ya chakula, aongozwe na mtoto. Na kamati hiyo iwe na haki ya kukataa kazi ya mtu mzima, mradi itoe sababu zake kwa maandishi. Mwalimu mkuu atakayeona haki hii ni nyingi mno ataelewa nikisema kwamba bila haki hiyo watoto watakuwa wapagazi wa fremu tu.

Kanga inaweza kuwa maonyesho ya muhula mzima. Watoto walete kanga chache kutoka nyumbani kwao, za mama, za bibi, za shangazi aliyeolewa, kisha waandike maelezo kama wanavyoandika wataalamu wa makumbusho: pindo lake likoje, mji wake, yaani sehemu ya katikati, una nini, jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa, linasemaje, ilinunuliwa lini, ilivaliwa wapi. Watakapofika kwenye nafasi ya kujaza jina la msanii watakwama, na kukwama huko kutawafaa sana. Je, msanii ni aliyechora nakshi? Ni aliyetunga jina? Ni mwenye duka aliyeagiza ichapwe, tena mara nyingi India? Ni bibi aliyeichagua kwa sababu alikuwa na neno la kumpelekea jirani? Watoto wa miaka kumi na mmoja wakibishana juu ya swali hilo kwa wiki moja watakuwa wamefika pale pale wanapofika wanafunzi wa sanaa wa vyuo vikuu, na watakuwa wamefika wakiwa wameshika kitu walichofunikwa nacho walipokuwa wachanga.

Suala la dini nalo halipaswi kupitwa kimya, maana Mombasa si Portland. Watoto wengi wa shule zetu hutoka darasani mchana wakaenda madrasa, na wazazi wengi wanashikilia kwamba kuchora au kuchonga viumbe wenye roho hakufai. Miongoni mwao wapo wanaotofautisha picha ya kamera na picha ya mkono, na wapo wanaotofautisha sanamu kamili na mchoro ulio bapa ukutani. Rai ni nyingi, na mwalimu wa sanaa hana mamlaka ya kuzikata. Mradi utakaoanza bila kulizungumza jambo hili katika mkutano wa wazazi utavunjika katika muhula wake wa kwanza, na utastahili kuvunjika.

Ila mazungumzo hayo yasianzie kwenye kuomba radhi. Mwambao huu ulijenga mojawapo ya hazina kubwa za sanaa za Afrika Mashariki kwa kutumia, kwa sehemu kubwa, maumbo yasiyo ya viumbe: milango ya nakshi, zidaka za chokaa, mikeka ya ukili yenye miraba na mistari ya rangi, hina, khati za Kiarabu, kofia zilizotariziwa kwa sindano kwa miezi kadhaa. Kwa mtu aliyekulia katika mazingira hayo, sanaa isiyoonyesha sura ya mtu ni lugha ya nyumbani, na wasanii wengi wa dunia ya leo wamefanya kazi yao yote katika lugha hiyo. Kwa hivyo ningeshauri mwaka wa kwanza uanze na nakshi, khati na kanga, ili imani ijengeke. Sisemi kwamba sanamu ya mchongaji wa Changamwe ifungiwe nje milele. Darasa lilelile lina mtoto wa Kigiriama, wa Kikamba, wa Kijaluo, Mkristo na Mwislamu, na kila mmoja ana haki ya kuona urithi wa kwao ukipewa ukuta. Zitakapokuja kazi zenye sura za viumbe, ziwekwe sehemu inayojulikana, wazazi waarifiwe mapema, na mtoto ambaye kwao hawaziridhii asilazimishwe kuzishika wala kuziandikia. Kukaa pamoja kwa namna hiyo ndiko Mombasa ilikokuwa ikifanya mitaani kabla ya kuwepo mtaala wowote.

Kwa upande wa vifaa nitakuwa mfupi, kwa sababu mafundi wa hapa wanajua kuliko mimi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Karatasi hupata ukungu na fremu za bei rahisi hupinda. Mchoraji wa mabango hutumia mabati, plaiwudi na rangi ya mafuta kwa sababu zinastahimili kusi na kaskazi, na hizo ndizo zinazofaa varandani. Kazi isiyoweza kustahimili isitundikwe nje. Iletwe kwa siku moja, itazamwe, irudishwe kwa mwenyewe.

Varanda yenyewe ina sababu nyingine. Tangu mwaka 2023, shule za msingi zimekuwa zikihifadhi pia wanafunzi wa sekondari msingi, na zipo zilizogawa madarasa kwa mbao ili kupata nafasi. Mtu atakayekwenda kwa mwalimu mkuu kuomba chumba kwa ajili ya makumbusho atajibiwa vibaya, na jibu hilo litakuwa la haki. Varanda haimnyang'anyi mtoto yeyote dawati lake. Hoja hiyohiyo inahusu fedha. Mgao wa serikali kwa elimu ya msingi bila malipo ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nao mara nyingi huchelewa. Kutoa hata shilingi moja humo kwa ajili ya maonyesho itakuwa ni kumpokonya mtoto kitabu chake, na siungi mkono pendekezo lolote la aina hiyo.

Fedha zipo mahali pengine, na Katiba ya mwaka 2010 imeonyesha wapi. Katika Jedwali la Nne, elimu ya msingi ni wajibu wa serikali kuu, na kaunti imeachiwa elimu ya chekechea. Ndiyo maana kila anapoulizwa kuhusu shule za msingi, kiongozi wa kaunti hujibu kwamba mikono yake imefungwa. Lakini jedwali hilohilo linayataja makumbusho, pamoja na maktaba na shughuli za utamaduni, kuwa kazi za kaunti. Makumbusho yaliyo ndani ya shule yanasimama pale ambapo wajibu wa serikali mbili unakutana: ukuta ni wa shule, na kinachotundikwa ukutani kinaweza kulipiwa kihalali na idara ya utamaduni ya kaunti. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno kikilinganishwa na gharama ya jengo: misumari, mbao, rangi, taa chache, nauli, na malipo ya wasanii.

Malipo hayo ya wasanii yasifanyiwe mzaha. Kuna mazoea ya kumwambia msanii kwamba aje bure kwa kuwa ni watoto, au kwa kuwa atapata kujulikana. Mchoraji wa mabango akikaa shuleni siku mbili amepoteza ujira wa siku mbili. Zaidi ya hapo, watoto hujifunza kwa macho: wakimwona mchongaji anatia sahihi na kupokea ujira wake mbele ya kamati yao, watajua kwamba hiyo ni kazi inayomlisha mtu. Wakimwona akiondoka na soda na cheti, watajua hivyo pia.

Sidhani shule ikusanye na kumiliki vitu. Pwani ina kumbukumbu chungu ya makumbusho yanayokusanya. Vigango, nguzo ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki, viling'olewa vijijini, vikauzwa, vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri ng'ambo. Ilikuwa hadi mwaka 2019 ndipo vigango 30 vilivyokuwa katika makumbusho ya Denver, Marekani, viliporejeshwa Kenya. Watoto wetu wanapaswa kuijua habari hiyo, na waijue kwa vitendo: wajifunze kuazima, kuandikishana, kutunza na kurudisha, na wajifunze kwamba vipo vitu ambavyo mwenyewe akisema visionyeshwe, havionyeshwi.

Linabaki tatizo ambalo limeua miradi mingi mizuri ya shule za umma, nalo ni uhamisho. Mwalimu mwenye moyo huianzisha bustani, maktaba au bendi, kisha Tume ya Kuajiri Walimu humpeleka kaunti nyingine, na mwaka unaofuata chumba kinawekwa viti vilivyovunjika. Kwa sababu hiyo makumbusho haya yasiwe ya mtu. Yawe na makubaliano ya maandishi kati ya bodi ya usimamizi wa shule na idara ya utamaduni ya kaunti, yakitaja ukuta upi, mihula mingapi, fedha kiasi gani, na nani anashika funguo za kabati la vifaa. Nakala moja ikae ofisini kwa mwalimu mkuu na nyingine katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Chuo cha hapa, kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kialikwe kuleta wanafunzi wake kusaidia, kama Portland State inavyofanya, kwa kuwa chuo hakihamishwi. Na kila mwisho wa mwaka kamati ya Gredi ya 6 ikae na kamati mpya ya Gredi ya 5 kabla ya likizo ya Desemba, ipitie nayo daftari la kupokea na kurudisha ukurasa kwa ukurasa, iiambie ni msanii yupi hufika kwa wakati na ni ukuta upi huvuja mvua ikinyesha.